Wimbo Wenye Mama Wengi

Usiku ule Somoe alikaa kitandani na simu mbili mapajani, yake na ya mwanawe, akisubiri mojawapo ilie. Alisubiri kama watu wanavyosubiri habari za mgonjwa, na nyumbani kwake hapakuwa na mgonjwa. Kamati ya tamasha la msimu wa korosho ilikuwa imekaa tangu magharibi kuamua kama Nasra ataimba Jumamosi au ataondolewa.

Nasra ndiye mtoto wake wa pekee, na mpaka siku hiyo alikuwa na wimbo mmoja tu. Aliuita "Kilambo". Unamhusu msichana anayemsindikiza mchumba wake hadi kivuko cha Kilambo, mvulana anavuka Ruvuma kwenda Msumbiji, msichana anabaki kwenye matope akitazama mitumbwi inayorudi bila yeye. Redio ya mjini iliupiga wiki nzima. Sokoni wanawake wakaanza kumwita Somoe Mama Kilambo, naye akajifanya kuchukia huku akipunguza mwendo ili waite tena.

Kisha mtu mmoja asiyejulikana akaweka mtandaoni vipande viwili pamoja, kimoja cha Nasra na kimoja cha Tito Mwanga, yule msanii mkubwa wa Dar, kutoka katika wimbo wake wa mwaka jana. Sauti zilikwenda sambamba kama miguu ya mtu mmoja. Chini yake akaandika: Mwizi wa Rahaleo. Maneno hayo yakasambaa kuliko wimbo wenyewe.

Simu ililia. Alikuwa Filipo, katibu wa kamati, kijana aliyekulia mtaa huohuo wa Rahaleo.

"Shikamoo, Mama Nasra. Samahani kwa usiku huu."

"Marahaba. Sema, mwanangu."

"Kamati imeona dada apumzike kwanza."

"Apumzike? Amechoka na nini?"

Filipo akakohoa. "Mama, Tito ana mashabiki wengi. Wakimzomea jukwaani, tamasha limeharibika. Wadhamini hawataki maneno."

"Na kama wimbo huo si wa Tito?"

"Basi aje mtu wa kusema ni wa nani. Tangazo la wasanii linatoka kesho jioni. Likishatoka, mimi sina la kufanya."

Somoe alikata simu bila kuaga. Alikasirika, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba jibu analo. Alikuwa nalo tangu mwaka jana, siku aliyousikia wimbo wa Tito kwa mara ya kwanza redioni, akamwaga mafuta ya kukaangia chini. Sauti ile aliijua kabla hajavunja ungo sawasawa. Ni ya ndani ya unyago, kijijini Mpapura, wimbo wa kumtoa mwali alfajiri. Huimbwa mlango ukiwa umefungwa, wanawake peke yao, na hakuna mwanamume anayeruhusiwa kuusikia, wala msichana ambaye hajachezwa. Walipotolewa waliapishwa: cha ndani hubaki ndani, hata kwa mume wako, hata ukiwa unakata roho. Basi mwaka jana alizima redio, akapangusa mafuta, akanyamaza. Mji mzima wa Mtwara ulikuwa na wanawake walionyamaza siku hiyo.

Asubuhi alikwenda kukaanga mihogo yake penye kijiwe cha bodaboda kama kawaida, maana kubaki nyumbani kungekuwa kukubali. Mussa, ambaye pikipiki yake ina picha ya Tito kwenye tangi, alikuwa ameshaanza kumsema Nasra.

"Msiniambie kuvutiwa. Kuvutiwa ni uone kiatu kizuri cha mwenzio, ukanunue chako. Huyu kavaa kilekile, na soksi zake humohumo."

Vijana wakacheka. Frank, mpakia mizigo wa bandarini, mtu wa Mbeya asiyekubali kitu mpaka akigeuze, alikuwa anatafuna pole pole.

"Mussa, pikipiki yako ina magurudumu mawili. Ya Tito ina mangapi?"

"Tito ana gari, bwana."

"Haya, ya mlinzi wake. Mawili vilevile. Nani kamwibia mwenzie?"

"Pikipiki zinatoka kiwandani."

"Na nyimbo nazo huenda zina kiwanda. Labda wote wawili wamechukua duka moja, wewe unapiga kelele mlangoni."

Kisu cha Somoe kilisimama katikati ya muhogo.

"Duka gani hilo lisilo na bango?" Mussa alisema. "Tito katangulia mwaka mzima. Aliyetangulia ndiye mwenyewe."

"Aliyetangulia kutoa. Kutunga hatujui."

"Sasa wewe Mnyakyusa unamtetea kwa lipi? Umeahidiwa posa?"

"Natetea masikio yangu. Kama kufanana ni wizi, basi kwaya zote za nchi hii ziko mahabusu."

Hata Somoe angecheka siku nyingine. Mussa alimgeukia akanyoosha sahani. "Mama mkubwa, usinichukie. Muhogo wako sina ugomvi nao. Ila binti yako kachota kisima cha watu."

"Ongeza pilipili, Mussa. Ulimi wako bado umepoa."

Wakati huo akafika Mama Filipo na kibakuli chake, mama mzazi wa yule katibu. Yeye na Somoe walichezwa msimu mmoja, wakalala mkeka mmoja, wakalia usiku mmoja. Mmoja siku hizi anakwenda kanisani, mwingine msikitini, lakini hilo halijafuta mkeka.

"Huyu hapa mwenyeji," Frank alisema. "Mama, wewe Mtwara umeiona ikiwa pori. Tuamulie. Nani kaiba?"

Mama Filipo aliangalia mafuta yanavyochemka. Macho yake yakapanda mpaka kwa Somoe, yakakaa hapo kidogo, yakashuka.

"Mimi nasikiliza nyimbo za kanisani tu," alisema, akachukua kibakuli chake akaondoka.

Somoe alimtazama mgongo mpaka kona. Hapo ndipo hasira yake ilipobadilika sura. Mpaka dakika ile alikuwa amewakasirikia wanaosema. Sasa aliwaona wanaonyamaza, na yeye akiwa wa kwanza wao. Vijana hawa wote wana mama, wana shangazi, wana dada waliotoka mlango uleule. Wamezungukwa na jibu, wanakula mihogo ya jibu, na hawatalipata mpaka wazeeke. Akafunika karai, akazima moto.

Nyumbani Nasra alikuwa amelala ameelekea ukutani, simu ameifunika chini ya mto kama kitu kinachouma.

"Uliutoa wapi?" Somoe aliuliza akiwa amesimama.

"Unajua nilikoutoa."

"Nataka nisikie kwa mdomo wako."

Nasra aligeuka. Macho yalikuwa yamevimba. "Mpapura. Ulinipeleka wewe mwenyewe."

"Nilikupeleka ufundishwe. Sikukupeleka ukachume vya kupeleka studio."

"Maneno niliyaacha yote, mama. Hakuna hata neno moja la mle ndani. Nilichukua sauti tu. Mle ndani niliogopa kila kitu, isipokuwa ile sauti. Nilitoka nayo nikadhani ni yangu, kwa sababu mlisema nimezaliwa nayo upya."

Somoe alitaka kumpiga. Alitaka pia kumshika. Hakufanya lolote kati ya hayo, akabaki anakunja na kukunjua pindo la kanga.

"Ulipotunga hukusikia kwamba Tito naye anayo?"

"Nilisikia. Nikasema huyu kaitoa kwetu, na watu wanampigia makofi. Mimi wa kwetu nikatazwe?" Nasra aliinuka akaketi. "Wakisema nimewaibia nyinyi, nitanyamaza. Mtanihukumu mnavyotaka. Lakini Tito sikumwibia. Nisaidie kwa hilo moja."

Somoe alikwenda jikoni akachota unga mweupe wa mtama, akaufunga kwenye ncha ya kanga. Ulimi wake ulikuwa umefungwa Mpapura, na aliyeufunga bado yu hai.

Bi Asumini, kungwi wao, ndiye aliyemcheza Somoe, na miaka mingi baadaye akamcheza Nasra. Kwake kuna utaratibu ambao hakuna mwanafunzi wake asiyeujua. Anayetaka kufunguliwa ulimi haingii ndani. Anaweka unga kizingitini, anaketi, anasema shida yake mlango ukiwa umefungwa. Kungwi akikubali, anafungua, anauokota unga, na yule yuko huru kusema. Asipofungua, unarudi na unga wako, na neno lako unazikwa nalo.

Pikipiki ilimwacha kwenye mikorosho ya Mpapura, akatembea mpaka uani. Kuku walikuwa wanakula makombo ya ubwabwa mbele ya nyumba, ya moto bado. Mwenye nyumba alikuwepo. Mlango ulikuwa umefungwa hata kabla hajapiga hodi, akajua habari imemtangulia.

"Shikamoo, somo yangu."

"Marahaba." Sauti ilitoka karibu, nyuma tu ya ubao.

Somoe aliweka unga kizingitini, akaketi, akaeleza. Alisema kuhusu Nasra, kuhusu kamati, kuhusu vijana wa kijiweni. "Sitaki kusema maneno ya ndani. Nataka kusema kitu kimoja, kwamba sauti ile ni ya huku. Basi."

Ndani mtu alihamisha mguu.

"Na ukishasema ni ya huku," Bi Asumini alisema, "watakuuliza Tito aliipataje."

"Waniulize. Na mimi nakuuliza wewe. Aliipataje?"

Somoe alisikia pumzi za mwanamke mzee.

"Bibi yake mzaa mama ni wa kwetu. Huyo wa Dar anamjua kama bibi, mimi namjua kama mwali mwenzangu. Alikuja kuniaga mwaka juzi, mgonjwa, akasema somo, niimbie nisikie kwa mara ya mwisho. Ningemnyima? Nikafunga mlango nikamwimbia. Huyo mjukuu alimleta tu, alikuwa nje kivulini na simu yake."

"Kivuli gani?"

"Cha dirishani."

Somoe aligeuka akalitazama lile dirisha. Lilikuwa dogo, halina kioo wala pazia, na chini yake palikuwa na kigogo cha kukalia kilicholainika.

"Mlango nilifunga," Bi Asumini alisema tena. "Sheria inasema mlango."

"Umri wote huu tumefunga midomo," Somoe alisema polepole. "Nimemficha mume wangu mpaka nimemzika. Mwanangu anaitwa mwizi kwenye simu za watu asiowajua. Na wewe ulisahau dirisha."

"Chunga mdomo, Somoe."

"Nimeuchunga. Fungua mlango, somo. Hutasema hata neno. Fungua tu, uokote unga."

"Nikifungua nimekubali kwamba ilitokea kwangu. Watakuja na kamera zao mpaka hapa. Wanangu wote niliowacheza watasema nini? Msimu ujao nani ataniletea binti yake?"

"Kwa hiyo bora abebe Nasra."

"Nasra ni kijana. Atasahau."

Kama angesema jambo lingine lolote, labda Somoe angefunga unga wake na kuondoka. Lakini hilo lilimwingia kama mwiba wa samaki. Alisimama. Alitoa simu, akampigia Filipo, akaongea kwa sauti ya juu ili ubao ule usikie.

"Filipo, mama yako yuko karibu?"

"Yupo, Mama Nasra, anapika. Kuna nini?"

"Mwambie Somoe amesema hivi: sauti ya wimbo wa Nasra, na ya wimbo wa Tito, ni ile tuliyotolewa nayo alfajiri. Mwambie kama ilivyo, usiongeze."

"Sielewi, mama."

"Hupaswi kuelewa. Mwambie."

Akasikia Filipo anatembea, akasikia maneno yakirudiwa, kisha sufuria ikiwekwa chini kwa kishindo. Sauti ya Mama Filipo ikaja simuni, ya chini sana.

"Somoe. Umelisema hilo kwa mtoto wa kiume?"

"Nimelisema."

"Uko wapi?"

"Mlangoni kwake."

"Amekufungulia?"

"Bado."

Kwa muda Somoe aliona kwamba ataachwa peke yake, kama asubuhi. Kisha akasikia mwenzake akisema, si kwake, bali kwa mwanawe: "Mrudishe yule binti. Yeye hakumwibia Tito. Na hao wanakamati wakitaka ushahidi, kila mmoja akamuulize mama yake, amtazame usoni anapojibu. Ukiniuliza mimi zaidi ya hapo, leo huli."

Filipo akarudi simuni akiwa amepoteza ukatibu wote. "Mama Nasra, nitaliandika jina lake. Nitawaambia wanakamati wakaulize majumbani kwao."

"Liandike sasa hivi."

Alikata simu. Uani kulikuwa na jua kali na kuku. Alijua alichokifanya: msimu ukifika ngoma zitalia Mpapura na hakuna atakayemwita, na Nasra akizaa binti atatafutiwa mlango mwingine, kama upo. Hakutulia moyo. Alikuwa bado amekasirika, na sasa kulikuwa na woga ndani ya hasira ile. Lakini unga ulikuwa bado kizingitini, na yule mwanamke alikuwa bado ameegemea ubao. Kwa namna Somoe alivyofundishwa, hata sasa mlango ungeweza kufunguliwa.

"Somo," alisema. "Nimekwisha sema. Sasa fungua, iwe uliniruhusu."

Ndani chuma kilikwaruza. Somoe alirudi nyuma hatua moja kumpisha, kama mwali anavyompisha kungwi wake.

Lilikuwa komeo. Bi Asumini alilisukuma mpaka mwisho, likaukaza mlango.