Nilifungwa mirija, miezi miwili haijaisha mke wangu akashika mimba

Wakuu, heshima kwenu nyote. Kama humu ndani yupo aliyenizidi umri, shikamoo.

Nimesoma ule uzi wa dawa mpya za uzazi wa mpango kwa wanaume, vidonge na hiyo jeli ya kupaka mabegani. Wengi mmecheka. Mimi sicheki, maana yalinikuta. Nitaeleza yalivyokuwa, na nilipokosea sitaruka.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Mtae. Asubuhi darasani, mchana shamba la kijiji, jioni kisomo cha watu wazima. Mke wangu ni Mama Eliza, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza.

Tulikuwa na watoto wanne. Uzazi wa huyo wa nne nusura umuue mke wangu. Damu haikukata. Wanaume walipokezana kumbeba kwa machela mpaka tulipopata lori la kwenda Lushoto. Njia nzima nilimshika mguu kuona kama bado una joto.

Alipopata nafuu, daktari akatuita. Akasema mimba nyingine inaweza kumwondoa. Vidonge vya wanawake vilikuwepo, lakini presha yake ilikuwa juu, havikumfaa. Kumpasua ili afungwe kizazi, alikuwa dhaifu mno.

Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe ni mzima. Kwako ni kazi ya nusu saa."

Niliogopa, wakuu. Kijijini ikijulikana umefungwa mirija, wanasema umehasiwa kama beberu. Lakini nilikuwa nimetoka kushika mguu wa mtu anayekufa. Nikakubali.

Aliyesita ni Mama Eliza. Aliniambia, "Mimi nikifa utaoa. Huyo mwenzangu naye atataka watoto. Usijifunge kwa ajili yangu."

Nikamwambia huyo mwenzake simtaki.

Sasa hapa vijana msome taratibu.

Siku ya operesheni nilikwenda peke yangu. Tulipomaliza, daktari akaniambia, "Mbegu bado zipo njiani. Tumia hii mipira miezi mitatu, halafu urudi tukupime." Nikaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, huku nawaza basi la kurudi Mtae litaniacha. Nilitaka kuvaa suruali niondoke.

Mipira nikaificha kwenye sanduku la vitabu. Niliona aibu hata kumwonyesha mke wangu. Yale maelekezo sikumwambia. Nilijiambia mirija imeshakatwa, mbegu zitapita wapi?

Mwezi wa pili akaanza kutapika.

Wakuu, akili ya mwanaume ikishapata pa kukimbilia haigeuki nyuma. Palikuwa na bwana shamba mmoja kutoka Tanga, kijana mstaarabu, akija kukagua mashamba alipitia kwetu kunywa chai. Nikaanza kuhesabu siku alizokuja. Nikaacha kula mezani na familia. Wiki nzima.

Siku moja nilimkuta mke wangu anachambua maharage kwenye ungo. Nikamuuliza, "Hiyo mimba ni ya nani?"

Nyumbani kwetu tulizungumza Kishambaa. Siku ile alinijibu kwa Kiswahili, kama mtu aliye ofisini.

"Mwalimu, mimi sikuwemo chumbani wakati daktari anakueleza. Twende ukamuulize yeye."

Hakulia. Alimaliza maharage yake, akaenda kufunga nguo za safari.

Hospitali nikapimwa. Daktari akainama kwenye darubini, akainuka, akaniambia, "Njoo uangalie mwenyewe."

Nikaangalia. Mbegu zilikuwa zinaogelea.

"Mipira ulitumia?"

Nikatikisa kichwa kwamba hapana.

"Basi kamweleze mkeo. Mimi sitamwambia kwa niaba yako."

Alikuwa amekaa kwenye benchi nje. Nikakaa kando yake, nikamwambia yote, mipira, sanduku la vitabu, mpaka habari ya bwana shamba. Nikaomba radhi. Akauliza kitu kimoja.

"Sasa hii mimba nani ataizaa?"



Miezi mitatu ya mwisho alikaa Lushoto kwa shangazi yake, awe karibu na hospitali. Mimi nilishuka kila Jumamosi. Siku ya kujifungua damu ilitoka tena nyingi, ila safari hii tulikuwa mlangoni kwa daktari, na damu ya kumwongezea walitoa kwangu. Akapona. Mtoto ni wa kiume, leo naye ana watoto wake.

Mimi nilirudi kupimwa mara mbili, nikitumia mipira bila aibu, mpaka daktari aliposema sasa njia ni safi. Hatukupata mimba nyingine.

Msamaha haukuja siku moja. Ilipita karibu mwaka ndipo aliponitania tena kwa Kishambaa. Bwana shamba hakujua kamwe nilichomuwazia, na sikupata ujasiri wa kumwambia.

Nilichojifunza ni hiki. Njia za wanaume naziunga mkono, mwanamke asibebe peke yake. Kwenye ule uzi mnauliza kama ni halali mtu mzima wa afya ameze dawa ambayo si ya ugonjwa wake. Mimi naona ni halali, ila mjue mwanaume akizembea, hatari inaangukia mwili mwingine. Kwa hiyo ukienda kwa daktari, nenda na mwenzio, aingie chumbani, asikie kwa masikio yake. Na usimtuhumu mtu kabla hujapimwa wewe.

Waliofungwa, wanaofikiria, na wanaopinga, karibuni tuzungumze. Hata maswali ya aibu ulizeni, umri wa kuona aibu nimeshaupita.

Mama Eliza ameusoma uzi huu kabla sijautuma. Amenifutisha mistari miwili, ile ya kujitetea.