Punguzo Lililopigiwa Makofi ya Kilo

Nimeamua kujicheka mwenyewe kabla Babati nzima haijanimaliza.

Mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta wa chama chetu cha akiba na mikopo. Mfumo wetu unakaa kwenye seva tunayokodi mtandaoni. Wenye seva walitupa punguzo la aina mbili: dogo, kwa kuahidi kulipa kiasi fulani kila mwezi, hata tukibadilisha seva; au kubwa, kwa kujifunga miaka mitatu na seva ileile. Nikajifunga. Punguzo dogo nikawaachia waoga.

Kikaoni nilieleza ushindi wangu nikiwa nimevaa suti ya harusi yangu. Wajumbe wakanipigia makofi ya kilo, na mzee mmoja kutoka kijiji cha Sigino akasimama kabisa. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kuigiza.

Mwenyekiti wetu, Mama Neema, akasubiri makofi yaishe.

"Hongera, mwanangu. Sasa ile seva ndogo uliyotuomba mwezi uliopita, ukasema hii kubwa inatumalizia hela bure, tunahamia lini?"

Nilikuwa nimeisahau.

"Tukihama, Mama, hii kubwa tutaendelea kuilipia."

"Mpaka lini?"

"Miaka mitatu."

Mzee wa Sigino alikuwa bado amesimama. Akakaa taratibu, akaitia mikono yake mfukoni.