Chumba cha Kioo

Madam aliponipokonya simu mtoto wangu akiwa bado anaongea, nilisema halas, basi imetosha. Kwa sauti. Mlango wa chumba tulimokuwa ulikuwa wazi, na katika ukumbi ule hata kukohoa ni dhambi. Vichwa vyote vikageuka.

Ukumbi wenyewe ni wa muziki, uko hapa Riyadh, ramani yake ilichorwa na Wajapani. Siku ya kuufungua, mkubwa mmoja alisema kule Japani hata mji mdogo una ukumbi kama huu, wakulima na wanafunzi wanaimba mle, basi na huu utalea utamaduni wa eneo zima. Makofi. Eneo zima ni nani? Mimi pia naishi humo, na kazi yangu ilikuwa kubeba mkoba wa nepi za mtoto wa madam.

Wajapani angalau waliwakumbuka akina mama. Nyuma kuna chumba cha kioo: unaketi na mtoto, analia atakavyo, muziki mnausikia kwa spika. Chumba cha mama na mtoto. Sasa angalia waliomo ni akina nani. Wakenya na Waganda watupu, kila mmoja amepakata mtoto wa wenyewe! Waliowazaa wako mbele, wamejipodoa, wanapiga picha.

"Kumbe sisi ndio tumezaa Saudia nzima," dada mmoja wa Kisumu alisema. "Mbona sikusikia uchungu?"

Tulicheka, lakini mimi uchungu niliujua. Tulipokuwa Aziziya, kule Jeddah, Ijumaa baada ya chakula cha mchana ilikuwa yangu. Nilikuwa nikimpigia simu binti yangu, anayelelewa na mamangu kule nyumbani. Tulipohamia Riyadh, Ijumaa ikawa ya ukumbi. Mtoto akaanza kunisahau. Mara ya mwisho aliniita anti.

Ndiyo maana siku hiyo nilimpigia kutoka mle ndani. Madam akaja kumchukua mtoto wake wapigwe picha, akanikuta.

"Mafi simu! Hakuna simu hapa! Hiki ni chumba cha mama na mtoto."

"Na mimi ni nani, madam?"

"Wewe ni hadama. Mtumishi tu."

Kesho yake nilienda kwa wakala aliyenileta Saudia kufanya kazi. Karani wake aliponisikiliza akacheka. "Unashtaki muziki?"

"Nashtaki Ijumaa yangu. Andika."

Akaandika, nikamlazimisha anisomee: narudishiwa simu yangu, Ijumaa baada ya chakula cha mchana ni yangu, kama Jeddah, na madam akitaka muziki, aingie chumba cha kioo na mtoto wake mwenyewe. Kilijengwa kwa ajili yake.

Nikatia sahihi.