Funda Moja Chini ya Kisahani

Godelive hakuwahi kumaliza maji ya kopo. Alikunywa polepole, akabakiza funda moja, akafunika kopo kwa kisahani na kuliweka dirishani. Kesho yake alibadilisha, akaweka mengine. Nilipopanga chumba katika ua wao, mtaa wa Furu, Butembo, majirani waliniambia mapema kwamba anawawekea wafu. Hata katekista alikuja siku moja kumuuliza kwa upole kama yale ni mambo ya mababu.

"Hapana, papa," alimjibu. "Ni ya mutoto."

Katekista alitazama uani, hakuona mtoto, akaaga.

Mtoto mwenyewe yuko hai. Anaitwa Sadrack, na siku hizi anaendesha pikipiki mjini Beni. Godelive hakumzaa. Mume wake, Mathe, mfanyabiashara wa kakao, alimuoa baada ya kufiwa na mama yake Sadrack. Mtoto alimwita Godelive tantine, yaani shangazi, kwa adabu, kama anavyoitwa mgeni ambaye hujui ataondoka lini.

Sadrack alizaliwa na tundu kwenye moyo. Alipofika umri wa kuanza shule, alikuwa akipanda kilima cha nyumbani midomo inageuka rangi ya majivu. Parokia ilisaidia, akapata nafasi ya kupasuliwa Kampala. Mathe alibaki na biashara. Godelive akavuka mpaka wa Kasindi na mtoto mgongoni.

Walimfungua kifua, wakausimamisha moyo, na mashine ikafanya kazi yake hadi walipomaliza kushona. Moyo ulipoamshwa, uliitika. Figo hazikuitika. Kila muuguzi aliyekuja alitazama kwanza mfuko wa mkojo uliofungwa kando ya kitanda, ndipo akagusa kifua, na mfuko ulibaki karibu mtupu. Walimweleza Godelive kwamba kazi ile ndefu imezichosha figo, na huenda zikaamka taratibu. Kabla ya hapo, maji yakizidi mwilini yatakosa pa kutokea, yatarudi kuuelemea moyo na kujaza mapafu. Wakampa kifuniko cha chupa. Kipimo kilikuwa hicho, kwa nyakati walizopanga wao.

Sadrack alilamba mkono wake mwenyewe kwa kiu. Kisha akageuza uso kwenye mto na kusema, "Mama. Kidogo tu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama.

"Ngoja, papa," Godelive akambembeleza. "Bado."

Kitanda cha pili alilala Précieuse, kasichana kutoka Kamango, aliyepasuliwa wiki ileile na kukatazwa maji vilevile. Bibi yake hakuweza kuvumilia. Muuguzi alipotoka alimpa chai ya termosi, na Godelive aliona jinsi mtoto alivyoshika kikombe kwa mikono miwili, akacheka. Hakumwita muuguzi. Kesho yake kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Wauguzi walimwambia bibi kwamba moyo ule ulikuwa umechoka tangu mwanzo, chai peke yake haiui. Huenda ni kweli. Godelive alikuwa ameiona termosi.

Waliporudi Butembo, daktari wa hapa alisema moyo unapiga vizuri, figo zinarudi polepole, kipimo kiongezwe lakini kisiachwe. Basi wageni wakaanza kuja kumpongeza mtoto aliyerudi kutoka kufa, kila mmoja na juisi ya marakuja, na uji, na soda. Kwetu hata adui akiomba maji mlangoni anapewa. Godelive alipokea vyote, akavifungia chumbani pamoja na bidoni la maji, na ufunguo akaufunga kwenye ncha ya kitenge chake.

"Mama wa kambo anafungia mutoto maji na kufuli," wanawake walisema kisimani. "Sasa mupepo ya kupumua nayo atafungia wapi?"

Maneno yalifika Musienene kwa Tamar, mdogo wa marehemu mama yake Sadrack. Alikuja na wajomba wawili, wakaketi uani, mtoto akaitwa katikati.

"Sadrack, huyu anakupatiaka maji?" Tamar aliuliza.

"Kidogo."

"Ukiomba ingine?"

"Anakatala."

"Njo munasikia," Tamar akawaambia wajomba. "Ata mbuzi banaifungulia, inakunywa."

Godelive alieleza habari ya figo.

"Si balitengeneza moyo?" mjomba mmoja akauliza. "Figo inaingilia wapi mu maneno ya moyo?"

Watu wakacheka. Mathe alipigiwa simu Beni, akasema Tamar amchukue mtoto, kwa ajili ya amani.

Godelive alifunga nguo zake na kuwafuata. Tamar alimkuta mlangoni Musienene.

"Weye unakuja kufanya nini kwangu?"

"Kuchunga maji."

Akapewa pembe ya jikoni. Akakaa kando ya mtungi msimu mzima wa maharagwe, akitengeneza maharagwe ya nyumba isiyomtaka, akila wa mwisho. Watoto walimwita jandarme ya maji, yaani askari wake, hata Sadrack. Kila asubuhi alibonyeza miguu ya mtoto kwa kidole gumba kuona kama maji yamezidi mwilini. Asubuhi moja shimo la kidole lilibaki, na macho ya Sadrack yalikuwa yamevimba. Tamar alikuwa amempa juisi shambani. Alibonyeza mwenyewe, akatazama lile shimo lisivyojaa, na akawa wa kwanza kuita pikipiki ya kuwapeleka kwa daktari. Tangu hapo yeye ndiye aliyemimina kipimo, na Godelive akatazama tu.

Siku daktari aliposema figo zimeamka, mtoto anywe atakavyo, Godelive alijaza kopo kubwa hadi likamwagika, akampelekea kwa mikono miwili. Sadrack alilitazama. Akampita, akaenda kwa Tamar, akaomba maji, akanywa mpaka chini.

Godelive akarudi Butembo, Sadrack akakulia Musienene. Hakupokea tena maji mkononi mwa Godelive, na jina mama hakulirudia. Akipiga simu Butembo huuliza habari za baba.

"Nasikiaka sauti yake," Godelive aliniambia mara moja, mvua ikipiga mabati. "Bomba ikifunguliwa, nasikia. Ata mu misa. Mama, kidogo tu. Ule wa Kamango alienda bila kiu, madame. Wangu aliishi, najua aliishi. Lakini ile kidogo alinilomba, sikumupatia."

Tulimzika mwaka huu, mvua zilipoanza. Mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa amelala, kifua kinamkwaruza, na mimi nikawa napangapanga vitu kwa kukosa la kufanya. Nikachukua kopo dirishani nilioshe.

"Acha, madame," akasema. "Usiyamwange. Sadrack anaweza pita hapa na kiu."