Jicho la Leonida Halikauki

Saa mbili asubuhi, Leonida Akoth ameinama ndani ya jeneza hadi kiunoni, misumari midogo mdomoni, akipigilia kitambaa cheupe kwenye mbao. Chozi linadondoka kutoka jicho la kushoto. Analidaka kwa kiganja kabla halijafika kitambaani.

"Hii jicho itafanya nifutwe kazi," anasema, bila kuitoa misumari.

Leonida, mjane wa miaka 41, ndiye anayeyavika nguo majeneza ya fundi Cephas Ogola, kando ya barabara mjini Ndhiwa. Hulipwa shilingi hamsini kwa kila jeneza, na mwaka huu wa 1996, kwa masikitiko yetu sote, majeneza hayakosi. Kazi nyingine hana.

Jicho lilianza kumwaga machozi wiki aliyomzika dada yake, Scovia, mwaka 1991. Watu wakamwambia ni uchungu wa msiba. Naye akaamini, akakaa kuusubiri uchungu uishe. Miaka mitano mizima! Inauma hata kuandika.

"Nilijua ni Scovia bado namlilia," anasema. "Sasa mtu anaenda hospitali juu ya kulia?"

Alikwenda Machi, uvimbe ulipotokea kando ya pua. Daktari mjini Homa Bay alibonyeza kona ya jicho, usaha ukatoka. Akaambiwa kwamba mfereji unaopeleka machozi puani umeziba, na dawa ya kupaka haitauzibua. Lazima apasuliwe, mfupa wa pua utobolewe, machozi yapate njia mpya. Mpasuaji yuko Kisumu. Amepangiwa Oktoba.

Sasa ni Julai. Wiki iliyopita, familia moja kutoka Lambwe ilikuta doa bichi la chozi kwenye kitambaa, ikalikataa jeneza. Walisema limekwisha kuliliwa na mtu baki, hawawezi kumlaza mzee wao humo.

Jioni hiyo Cephas alimwita kando.

"Min Dorine," alimwambia, yaani mama yake Dorine, kwa jina la binti wa Leonida, "mimi sina ubaya na wewe. Lakini watu wanaogopa. Mwisho wa mwezi nitatafuta mtu mwingine."

Leonida alilia hapo hapo, kilio cha kweli, kwa macho yote mawili. Cephas akamrushia kitambaa apanguse kama kawaida, akarudi kwenye randa yake.

Na akipona, anataka nini? Anatema misumari kiganjani.

"Nataka siku nikilia, mtu aniulize kuna nini."