Jakaranda Tuliyoilea Bila Kusemezana

Mama mkwe wangu alihamia kwetu Nchelenge baada ya maji ya Ziwa Mweru kula nyumba yake kisiwani Chisenga. Mimi na yeye tulikuwa hatusemezani. Hapakuwa na ugomvi. Kwa desturi ya watu wa mke wangu, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni wala hazungumzi naye mpaka familia impikie chakula cha kumfungulia, na chakula hicho kilikuwa bado. Nikiingia sebuleni, yeye alitoka nje kwa mlango wa jikoni.

Kati yetu kulikuwa na jakaranda. Niliuotesha mti ule ndani ya kopo la maziwa, kisha nikauhamishia mbele ya nyumba, mahali ambapo upepo wa Mweru unafika bila kizuizi. Asubuhi niliumwagilia kabla ya kwenda kazini. Jioni nilikuta udongo umelowa tena, na uzio wa matete umekazwa ili mbuzi wasipite. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Niliona alama za vidole vyake kwenye matope, na nikizitazama nilihisi kama nimesalimiwa.

Kuna siku aliumwagia maji aliyooshea samaki, mbwa wakaja kufukua. Nikamwambia mke wangu, kwa sauti ya kuvuka ukuta, "Mwambie mama, maji ya samaki yanaita mbwa."

Jibu likatoka jikoni, kwa Kiswahili chake cha kuwauzia samaki Wakongo, watu wa kwetu nilikozaliwa, ng'ambo ya ziwa: "Mwambie bwana yako afukuze mbwa."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Mvua ya kwanza ya mwaka ule ilikuja mchana, na upepo mkali. Shina, ambalo sasa lilinifika kifuani, likapasuka. Nilikimbia nje, nikainama kulinyanyua, nikakuta mikono mingine imeshalishika. Mke wangu alikuwa sokoni Kashikishi. Hapakuwa na mtu wa kutupelekea maneno.

"Shika nguvu, mukwe," alisema. "Usiache."

"Njo hivi, Mama?" nikauliza kama ndivyo.

"Juu kidogo. Njo hivyo. Muti hauyakufa."

Alichana pindo la kitenge chake akaufunga mpasuko, taratibu, kama anamfunga mtoto aliyevunjika mkono. Tulilowa chapachapa. Hapo ndipo nilipoyaona macho yake: ni yale yale ya mke wangu. Kazi ilipokwisha, hakuna aliyejua nani aondoke kwanza, basi tukasimama tu mvuani.

Jioni mke wangu aliuliza nani kafunga mti.

"Mimi na mukwe," mama yake alijibu. Kisha akatuma watu Chienge kuwaita dada zake waje kupika. Kinywa kimetangulia, alisema, chakula kifuate.

Sasa mti umepita paa. Joto la Oktoba likizidi, unachanua kabla majani hayajarudi. Maua ya zambarau hushuka polepole, na nyuma yake ziwa hufifia hadi sijui wapi maji yanaishia. Mama hujilaza chini yake juu ya mkeka. Maua yakimwangukia, hayapangusi.

"Umelala, Mama?"

"Hapana. Ziwa njo iko nalala. Ikala, mukwe."

Nami hukaa.