Fundi Aliyefuta Kazi ya Siku Tatu

Nakumbuka siku moja kule Kawangware nilipomfanya mtu mpole afunge kompyuta yake na kuniomba nitoke kwake. Mwanangu, usicheke nikikuita hivyo. Umri wangu si mkubwa, lakini aibu ya siku hiyo ilinizeesha.

Nilikuwa na ndoto, na ndoto zangu huwa haziwezi kukaa kimya. Nilitaka tovuti ambayo mama anayeshona nguo mtaani Kianda, au kinyozi wa Soweto West, angeandika jina la biashara yake, aone kama liko wazi, yaani halijachukuliwa na mwingine, kisha alisajili liwe lake mtandaoni. Yote kwa Kiswahili chetu. Shule yangu iliishia kidato cha pili, kwa hivyo nikamtafuta Wekesa, anayeandika programu chumbani kwake kwenye ploti moja, vyumba vya kupanga vyenye ua mmoja, huko Kawangware.

Sasa, mafundi wetu unawajua. Ukimwacha fundi na ukuta uende sokoni, ukirudi ameshaenda kazi nyingine. Mama yangu alikuwa akiwachunga kutwa nzima, amekalia ndoo ya rangi. Nami nikabeba kigoda, nikaketi nyuma ya Wekesa.

Aliandika kidogo, akatazama ukuta sana.

"Kwani huo ukuta una nini?"

"Nafikiria, siste."

"Si ufikirie ukiandika!"

Akacheka tu.

Siku ya nne nikamwona akifuta. Mistari ya siku tatu, yote! Nikaruka mpaka mlangoni, nikapiga kelele: "Watu wa ploti! Njooni muone fundi anabomoa kazi yangu!" Wanawake wakaacha nguo kwenye makarai. Mmoja akasema, "Hata huyu? Na vile hunyamazanga!"

Wekesa hakujitetea. Alifunga kompyuta polepole. "Enda tu, siste. Hii kazi siendelei nayo."

Ndoto yangu nayo ikafungwa hapo.

Nilikimbilia kwa Baba Otieno, seremala wa Kambi Muru aliyenilea, nikitarajia huruma. Hata randa hakuiacha.

"Ulimuuliza kwa nini amefuta?"

"Hapana, lakini niliona..."

"Uliona mikono yake, Akinyi. Mimi kabla nikate ubao nauzunguka nusu siku. Na nikitupa mguu wa kiti uliopinda, utaniitia watu?"

Nikasema basi, nitamtumia Wekesa ujumbe wa pole. Hapo ndipo randa iliposimama.

"Umemwaibisha mbele ya ploti nzima, halafu umwombe msamaha kwa simu? Rudi ulikopigia kelele. Simama palepale."

Kesho yake nilirudi saa za kufua. Nikawaita wale wale. "Jana niliwaambia Wekesa anabomoa kazi. Sikumuuliza hata neno moja. Mimi ndiye mkosaji."

Mama mmoja akainua kichwa kutoka kwa karai. "Jana ulikuwa na sauti! Rudia, wa huko nyuma hawajasikia."

Nikarudia kwa sauti ya jana. Ploti ikaangua kicheko, Wekesa naye akacheka, akanikaribisha ndani.

Ndipo nikamuuliza. Akasema, "Watu wawili wangetaka jina moja kwa wakati mmoja, ile kazi ya kwanza ingemwambia kila mmoja ni lake. Mmoja angechora bango la duka, halafu aambiwe si lake. Ningelala aje?"

Siku zote hizo, mtu huyu alikuwa akiwahurumia watu asiowajua, ambao hata hawajapata wazo la kuja kusajili jina. Alipomaliza kuandika upya, akaniambia nijaribu jina. Nikaandika. Swali likatoka kwenye chumba kile cha mabati, likaenda kuulizwa kwenye kompyuta za mbali nisizozijua, likarudi kabla sijashusha pumzi: liko wazi. Nywele zilinisimama.

Basi nisikilize. Ukimpa mtu kazi usiyoijua, muulize kabla ya kumhukumu, na usidhani anayetulia amelala. Ukikosea, omba msamaha mahali ulipomvunjia mtu heshima, mbele ya masikio yale yale, hata kama wataucheka uso wako. Watacheka, na hutakufa.

Mungu akukutanishe na watu wanaoogopa kumdhulumu hata mgeni, na akupe subira ya kuwatambua mapema kuliko mimi. Nenda salama, mwanangu, na mikono yako ibarikiwe.